Bei ya Zao Ikianguka, Benki ya Wilaya Hutikisika

Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki ndogo tano kwa siku moja. Tatu kati ya hizo zilibeba majina ya mahali tunapopajua sisi wakulima. Kulikuwa na Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, na Benki ya Wananchi Meru. Miezi michache kabla yake, Mei 2017, ilikuwa imefungwa Benki ya Wananchi Mbinga.

Watu wengi walishangaa. Waliulizana: Je, benki nayo inaweza kufa? Si ndiko kwenye fedha zenyewe?

Ndiyo, ndugu msomaji, benki inaweza kufa. Benki Kuu ilitaja sababu ya kuzifunga zile tano: mtaji wao haukutosha. Basi leo tutazame jambo hili pamoja. Mtaji wa benki ni nini? Unaishaje? Na bei ya kahawa, au ya korosho, inaingiaje katika daftari la benki? Tukilielewa hili, tutajua hisa zetu zina thamani gani, na akiba zetu zina usalama gani.

Benki ya wananchi ni nini?

Benki ya wananchi ni benki ndogo ya mahali. Wenyewe ni watu wa hapo hapo: wakulima, wafanyabiashara, walimu, vyama vya ushirika na halmashauri. Kila mmoja ananunua hisa kadiri ya uwezo wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo watu wanachanga pamoja mpaka inapatikana benki.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya sana.

Jambo la kwanza ni amana. Amana ni fedha yako uliyoiweka benki. Ni mali yako. Benki ina deni kwako.

Jambo la pili ni hisa. Ukinunua hisa umekuwa mmoja wa wenye benki. Hapo benki haina deni kwako. Ikipata faida, nawe unapata gawio. Ikipata hasara, nawe unaibeba hasara. Fedha za wenye hisa, pamoja na faida iliyobakizwa bila kugawanywa, ndizo tunazoziita mtaji.

Mtu akikuambia, "Nina fedha zangu benki," muulize: Ni amana au ni hisa? Jibu lake lina maana kubwa siku benki inapofungwa.

Mali ya benki iko mikononi mwa watu

Wengi tunadhani mali ya benki ni jengo, dawati na sanduku la chuma. Sivyo. Sehemu kubwa ya mali ya benki ni mikopo. Jirani yako akikopa shilingi milioni moja, kwake yeye ni deni. Lakini kwa benki ni mali, maana benki inatazamia kurudishiwa pamoja na riba.

Kwa hiyo mali ya benki imetembea. Iko kwenye shamba la jirani, kwenye duka la pale njia panda, kwenye pikipiki ya kijana, kwenye lori la kubebea mazao. Shamba, duka, pikipiki na lori vikipata kazi, mali ya benki ni nzima. Vikikosa kazi, mali ya benki inaoza, hata kama jengo limepakwa rangi mpya.

Hebu tufanye hesabu. Chukua kalamu na karatasi. Hii ni benki ya mfano tu.

Wenye hisa wamechanga shilingi bilioni 2. Hisa ziko milioni 2, kila moja shilingi 1,000. Wananchi wengine wameweka amana shilingi bilioni 8. Jumla benki ina shilingi bilioni 10.

Benki imezitumia hivi: imekopesha watu bilioni 7. Imebakiza bilioni 2 na nusu kwa ajili ya watu wanaokuja kuchukua fedha zao. Nusu bilioni iliyobaki ni jengo na vifaa.

Sasa tuseme mikopo inaharibika. Si yote. Katika kila shilingi 10 iliyokopeshwa, shilingi 1 tu haitarudi kamwe. Sehemu ya kumi ya bilioni 7 ni shilingi milioni 700. Hiyo imepotea.

Nani anaibeba hasara hiyo? Wenye amana bado wanadai bilioni 8 yao kamili. Haipungui hata senti. Kwa hiyo milioni 700 zote zinatolewa kwenye mtaji. Bilioni 2 ukitoa milioni 700, inabaki bilioni 1 na milioni 300. Gawanya kwa hisa milioni 2. Hisa iliyokuwa shilingi 1,000 sasa kwenye daftari ni shilingi 650.

Umeona? Mikopo imepungua sehemu moja katika kumi, lakini thamani ya hisa imepungua zaidi ya theluthi moja. Na mikopo ikiharibika sehemu tatu katika kumi, hasara ni bilioni 2 na milioni 100. Mtaji wote umekwisha, na hasara imeanza kugusa amana.

Kuna jambo jingine. Benki Kuu iliweka kiwango: benki ya wananchi iwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2. Benki yetu ya mfano ilianza na bilioni 2 kamili. Baada ya hasara ile ya kwanza tu, tayari imeshuka chini ya kiwango. Ni lazima wenyewe wachange tena, au watafute mwenye mtaji mkubwa wa kuingia naye, au wangojee kufungwa.

Hasara inaanzia shambani

Sasa tuulize: kwa nini watu wengi washindwe kulipa kwa wakati mmoja? Je, wote ni wavivu? Wote ni wadanganyifu? Hapana. Tumtazame mkulima mmoja wa kahawa.

Mwaka huu wa mfano amevuna kilo 400 za kahawa kavu. Bei ni shilingi 6,000 kwa kilo. Amepata shilingi 2,400,000. Mbolea, dawa na vibarua vimemgharimu 700,000. Amebaki na 1,700,000. Benki inamdai 800,000. Analipa, anabakiwa na 900,000 ya ada ya watoto na chakula. Mambo ni mazuri.

Mwaka unaofuata amevuna kilo zile zile 400. Lakini bei imeshuka mpaka shilingi 3,500. Amepata 1,400,000. Mbolea, dawa na vibarua havikushuka bei. Akitoa 700,000, anabakiwa na 700,000. Benki inamdai 800,000 vile vile. Hata asipokula, hata asipolipa ada, hawezi kumaliza deni.

Tazama vizuri. Bei haikushuka hata nusu, lakini kilichobaki mkononi mwa mkulima kimepungua zaidi ya nusu.

Tena shida haimwishii mkulima. Mkulima asipopata fedha, hajengi. Fundi mwashi hana kazi na mwenye duka la mabati hauzi. Hashoni sare mpya. Fundi cherehani anakaa bure. Hapandi pikipiki, kijana hapati marejesho ya siku. Na hawa nao wamekopa. Wamekopa benki ile ile.

Benki kubwa ina matawi nchi nzima. Kahawa ikianguka Mbinga, huenda korosho imepanda Mtwara, au dhahabu inachimbwa vizuri Geita, au biashara ni nzuri Dar es Salaam. Hasara ya huku inafidiwa na faida ya kule. Lakini benki ya wilaya moja haina kule. Mkulima, fundi, mwenye duka na kijana wa pikipiki wote wanategemea mti mmoja. Mti huo ukikauka, wote wanakosa kivuli siku moja, na benki pamoja nao.

Bei hupangwa mbali

Ubaya ni kwamba bei ya mti huo haipangwi hapa. Bei ya kahawa ya arabika, inayolimwa Kilimanjaro, Arusha, Mbinga na Mbeya, hufuata soko la New York, Marekani. Bei ya robusta, inayolimwa sana Kagera, hufuata soko la London, Uingereza. Mnada wa Moshi nao unasikiliza huko.

Zamani nchi zinazouza kahawa na nchi zinazonunua zilikuwa na mkataba wa kugawana kiasi cha kuuza, ili bei isianguke. Mgawo huo ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka. Baadaye Vietnam ilipanda kahawa kwa wingi mno, ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Kahawa ikajaa sokoni. Mwaka 2001 bei ya wastani ya dunia ilifika chini ya nusu dola kwa ratli moja. Ratli ni kama gramu 450. Wakulima wengi siku hizo waliacha mibuni yao porini, au waliing'oa wakapanda kitu kingine.

Mwaka 2011 arabika ilipanda tena New York ikapita dola 3 kwa ratli. Kufika mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa imeshuka karibu na dola 1. Februari 2025 ilipaa tena, ikapita dola 4. Ndivyo ilivyo: inapanda, inashuka. Mkulima wa Bukoba au wa Mbinga hakufanya kosa lolote, lakini anaamka na kukuta mapato yake yamebadilika.

Si bei tu. Kuna magonjwa pia. Kagera ilipata mnyauko wa robusta miaka ya 1990. Mwaka 2006 ukaingia mnyauko wa migomba, na mgomba ndio chakula chao. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi likabomoa nyumba nyingi huko huko. Hatusemi kwamba mambo hayo peke yake ndiyo yaliyoua benki. Uongozi mbaya nao unaua benki, na mikopo ya kupeana kwa kujuana inaua. Lakini nyumba iliyobomoka ilikuwa akiba ya mtu, na pengine ilikuwa dhamana ya mkopo.

Tena kuna kuchelewa kwa malipo. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, baada ya wakulima kuikataa bei ndogo ya wanunuzi. Bei hiyo ilikuwa nzuri. Lakini wapo waliongojea malipo yao miezi mingi. Mkulima anayengojea hawezi kulipa deni, wala kuweka akiba. Kwa benki, fedha iliyochelewa inafanana sana na fedha iliyokosekana.

Mapigo matatu kwa mara moja

Hali ya mahali ikiwa mbaya, benki ndogo hupigwa mapigo matatu kwa wakati mmoja.

Pigo la kwanza: mikopo hairudi. Hii huitwa mikopo chechefu.

Pigo la pili: amana zinatolewa. Watu wanaishi kwa akiba zao. Kila mmoja anakuja kuchukua, na hakuna anayekuja kuweka.

Pigo la tatu: dhamana inapoteza bei. Benki ikitaka kuuza shamba au nyumba ya aliyeshindwa kulipa, nani atanunua? Jirani hana fedha. Wengine pia wanauza. Mara nyingi shamba halina hata hati. Nyumba iliyothaminiwa shilingi milioni 10 wakati wa neema, sasa haipati wa kutoa hata milioni 5.

Juu ya hayo, siku hizi kuna ushindani. Tangu mwaka 2008 tunatuma fedha kwa simu. Mawakala wa benki kubwa wamefika mpaka vijijini. Mtu mwenye fedha kidogo anaiweka kwenye simu. Benki ndogo inakosa amana zile ndogo ndogo zilizokuwa chakula chake.

Hatari ya mwaka mzuri

Mtasema: basi bei ikipanda mambo yote yanakaa sawa. Hapana! Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Mwaka wa bei nzuri kila mtu anaonekana mlipaji mzuri. Benki inafurahi, inakopesha zaidi. Wakulima wanakopa zaidi, wanajenga, wananunua pikipiki. Faida ya benki inakuwa kubwa. Kwenye mkutano mkuu watu wanapiga makofi na kudai gawio lote ligawanywe. Hisa inaonekana kama dhahabu.

Lakini mkopo uliotolewa mwaka wa neema utadaiwa mwaka wa dhiki. Mkopo wa mwaka 2011, bei ilipokuwa juu, ulikuwa bado unalipwa mwaka 2013 bei ilipokuwa chini. Kwa hiyo mbegu ya hasara hupandwa wakati wa kicheko.

Wahenga walisema akiba haiozi. Benki yenye busara hubakiza sehemu ya faida mwaka mzuri, mtaji unene kidogo kabla ya mwaka wa njaa. Mwenye hisa anayedai gawio lote anakula mbegu yake.

Benki ikifungwa, nani anapata nini?

Tuseme kuna mama mmoja aliuza ng'ombe na mahindi, akaweka benki shilingi milioni 4 ili ajenge nyumba. Benki ikafungwa Januari 2018. Alipata nini?

Nchini kwetu kuna Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, Bodi hiyo inamlipa mwenye amana mpaka kiwango fulani. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000. Kwa hiyo mama yetu angelipwa hizo kwanza. Shilingi 2,500,000 zilizobaki angezingojea mfilisi akusanye madeni na kuuza mali za benki. Nyumba ingesimama kwenye msingi.

Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kikawa shilingi 7,500,000. Kwa kiwango hiki mama mwenye milioni 4 angelipwa zote.

Na wenye hisa je? Wao wako mwisho wa foleni. Kwanza wanalipwa wenye amana na wadai wengine. Kikibaki kitu, ndipo wanagawana wenye hisa. Mara nyingi hakibaki kitu.

Na aliyekopa je? Wapo waliodhani kwamba benki ikifa, deni nalo limekufa. Wamejidanganya. Mfilisi analichukua daftari na kuwadai wote. Dawa ya deni ni kulipa.

Si zote zilizokufa

Tusikate tamaa, maana ziko benki zilizopata njia nyingine. Januari ile ile ya 2018, Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro na Benki ya Wananchi Tandahimba hazikufungwa. Zilipewa muda wa miezi kadhaa ziongeze mtaji. Ile ya Kilimanjaro, nchi ya kahawa, ndiyo iliyokuja kuwa shina la Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Mwaka 2020 Benki ya Wananchi Mwanga iliungana na taasisi nyingine mbili za fedha, zikawa benki moja ya Mwanga Hakika.

Benki ya Wananchi Mufindi, katika nchi ya chai na mbao, iliingia soko la hisa la Dar es Salaam mwaka 2016. Faida ya soko ni kwamba hisa ina mahali pa kuuzwa. Hisa isiyo na soko unaweza kukaa nayo miaka, ukitaka kuiuza huna wa kumuuzia ila jirani, naye shida yake ni kama yako.

Njia hizo zote zina maana moja: benki isitegemee mti mmoja wala wilaya moja.

Tufanye nini?

Dalili ya mvua ni mawingu. Wewe mwenye hisa au mwenye amana unaweza kuyaona mawingu mapema. Nenda kwenye mkutano mkuu. Usiende kwa ajili ya soda na posho ya nauli. Simama uulize haya:

1. Mtaji wetu leo ni kiasi gani? Umezidi kiwango cha Benki Kuu kwa kiasi gani?

2. Katika kila shilingi 100 tuliyokopesha, ngapi hazilipwi kwa wakati? Benki Kuu inataka zisizidi 5. Zikiwa 10 au 20, usikubali maneno matamu.

3. Katika mikopo yetu, ni kiasi gani kinategemea zao moja?

4. Viongozi na ndugu zao wamekopa kiasi gani? Wanalipa?

5. Faida ya mwaka huu, kiasi gani tunagawana na kiasi gani tunabakiza?

Nawe mkulima una kazi yako. Kopa kwa kufuata bei ya mwaka mbaya, si ya mwaka mzuri. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, piga hesabu: bei ikishuka kama ya mkulima wa mfano wetu, nitalipa? Panda na kitu kingine kando ya kahawa au korosho: maharage, mboga, miti ya mbao, au fuga. Andika mapato na matumizi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na mambo yakiharibika, usiikimbie benki. Nenda mapema ukaeleze, mpange upya malipo. Anayekimbia anaiua benki, na akiba ya jirani yake imo humo.

Ndugu wasomaji, thamani ya benki yetu haitoki mjini. Inatoka shambani, inapita sokoni, inaingia kwenye daftari. Sisi tuliojifunza kusoma na kuhesabu tusiliogope daftari hilo. Ni letu. Tulifungue, tulisome.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Eleza tofauti ya amana na hisa. Wewe una ipi?

2. Katika kijiji chetu, bei ya zao kuu ikishuka, ni akina nani wanaokosa fedha baada ya mkulima? Wataje kwa kazi zao.

3. Benki ina mtaji wa shilingi bilioni 3 na hisa milioni 2. Imepata hasara ya mikopo milioni 600. Hisa moja sasa ina thamani ya shilingi ngapi katika daftari? (Jibu: shilingi 1,200.)